Je, Chuo Kikuu cha Chicago kilifuta timu yake kwa aibu ya 85 kwa bila?

*"Shikamoo mwalimu. Nasoma historia ya elimu, mwaka wa tatu, katika chuo kimoja hapa Illinois. Insha yangu ya mwisho wa muhula inahusu timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Chicago, msimu wa 1939. Nimeandika kwamba timu ilikuwa mbovu kupita kiasi na kocha ameishiwa maarifa, wakapigwa 85 kwa bila na Michigan, uongozi ukaona aibu ukafuta mchezo, kisha uwanja wakapewa wanasayansi watengeneze bomu la atomiki. Mhadhiri amenirudishia rasimu na kuandika pembeni kwamba jambo kutangulia jingine si kulisababisha. Zimebaki wiki tatu na sijui nianzie wapi kurekebisha. Je, nibadilishe mada?"*

Marahaba mwanangu, na mada usibadilishe. Nikikuelewa vizuri, hofu yako ni kwamba ukiuvunja ule mfululizo wa ubovu, aibu, kufutwa na bomu, mikono itabaki mitupu. Ukweli ni kinyume chake. Matukio makubwa uliyoyataja yalitokea. Kilichokosewa ni namna ulivyoyaunganisha, na ukiyaunganisha upya utapata insha yenye uzito kuliko ile uliyorudishiwa.

Tuanze na ubovu wa timu, maana hapo ndipo hoja yako yote imeegemea. Chukua karatasi uandike matokeo ya mechi zote nane za 1939, ila usiyapange kwa tarehe. Yapange kwa aina ya mpinzani. Upande mmoja weka vyuo vidogo: Beloit, Wabash na Oberlin. Chicago ilifungwa na Beloit 6 kwa bila, ikaifunga Wabash 12 kwa 2, ikaifunga Oberlin 25 kwa bila. Upande wa pili weka vigogo: Harvard waliwafunga 61 kwa bila, Michigan 85, Virginia 47, Ohio State 61 na Illinois 46, na katika mechi hizo zote Chicago haikupata hata pointi moja.

Sasa jumlisha kila upande peke yake. Dhidi ya vyuo vidogo Chicago ilipata 37 ikafungwa 8. Dhidi ya vigogo ilipata sifuri ikafungwa 300. Vitabu vinavyosema timu ilifungwa jumla ya pointi 308 kwa 37 havidanganyi, lakini jumla hiyo imechanganya kile kilichokuwa kama misimu miwili tofauti, iliyochezwa na vijana wale wale. Mbele ya wanafunzi wenzao waliocheza kwa kupenda, hawa walikuwa timu ya kawaida, yenye uwezo wa kushinda na kushindwa. Mbele ya timu zilizojengwa kwa fedha na mipango ya miaka mingi, hawakuwa na la kufanya. Swali la insha yako basi lisiwe kwa nini timu ilikuwa mbovu. Uliza nani aliendelea kuwapanga vijana wale dhidi ya Michigan, na kwa nini.

Kabla ya kulijibu hilo nikueleze namna 85 inavyopatikana, kwa sababu wasomaji wetu wengi wamekulia kwenye soka na namba hiyo inawatisha kuliko inavyostahili. Katika futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira uliochongoka ncha mbili, kuuvusha mpira mstari wa mwisho kunaleta pointi 6, na mkwaju wa nyongeza unaleta 1. Kwa hiyo 85 ni kama kuvuka mara kumi na mbili hivi. Bado ni kipigo kikubwa mno, sikatai. Ila angalia kinachotokea uwanjani. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Timu dhaifu inajaribu, inasukumwa nyuma, na jaribio la mwisho inaupiga mpira mbali ili kujiokoa. Mwenye nguvu anaupokea, anavuka, anapata pointi, halafu anawapigia tena dhaifu mpira wa kuanzia. Mzunguko huo hauna breki. Siku zile, tena, wachezaji wale wale walishambulia na wale wale walilinda, na kanuni zilibana ubadilishaji. Uhuru wa kuingiza na kutoa wachezaji ulikuja 1941. Kijana aliyetoka kusukumana kwenye mstari wa mbele wakati wa kulinda alibaki pale pale kushambulia. Chuo chenye kikosi kipana kilikuwa na wa kuwapokea waliochoka, na chenye kikosi chembamba kiliyeyuka kadiri saa zilivyokwenda. Pengo la uwezo likiwa kubwa, mchezo huu hulikuza. Sare ya kujificha haipatikani kirahisi kama ile tunayoipata kwenye soka kwa kurundika watu golini.

Pengo lenyewe lilitoka wapi? Hapa rudi nyuma hadi 1892, chuo kilipofunguliwa. Rais wake wa kwanza, William Rainey Harper, alimwajiri Amos Alonzo Stagg kuongoza elimu ya viungo na kufundisha futiboli, akampa hadhi ya uprofesa, jambo ambalo kocha wa zama zile hakulitarajia popote. Harper alielewa kwamba chuo kipya kinahitaji jina, na futiboli ingelileta. Ikalileta kweli. Mwaka 1896 Chicago ilikuwa miongoni mwa waasisi wa ligi tunayoiita leo Big Ten. Mwaka 1905 iliifunga Michigan 2 kwa bila na kukata mfululizo wao wa mechi 56 bila kupoteza. Mataji ya ligi yakaendelea hadi 1924. Hilo likawa la mwisho.

Kwa hiyo ukiandika kwamba Chicago ilikuwa chuo cha wasomi kisichojua mpira, utakuwa umekosea pakubwa. Mtindo wa chuo kujitangaza kwa futiboli, kocha mwenye cheo cha mwalimu, viti vya kulipia vilivyojaa Jumamosi, Chicago ndiyo iliyowafunza wengine. Ukitaka ushahidi wa mkono kwa mkono, kocha wa Michigan siku ile ya Oktoba 21, 1939 alikuwa Fritz Crisler, mhitimu wa Chicago, aliyecheza chini ya Stagg na baadaye kuwa msaidizi wake. Aliyekuja kuwapiga 85 alifundishwa kazi kwenye nyumba ile ile. Na mwaka mmoja kabla, Novemba 1938, Stagg mwenyewe alirudi akiwa na miaka 76 kama kocha wa College of the Pacific ya California, akaifunga Chicago 32 kwa bila kwenye uwanja uliopewa jina lake.

Kati ya 1924 na 1939 mambo mawili yalikwenda kila moja njia yake. Vyuo vya majimbo vilijenga: Ohio State wakafungua uwanja mkubwa 1922, Illinois 1923, Michigan 1927. Viwanja hivyo vilihitaji kujazwa, na ili vijazwe ilibidi kushinda, na ili kushinda ilibidi kuwatafuta vijana wenye vipaji, kuwapatia kazi za hapa na pale za kujikimu, na kuwa na kozi zinazowawezesha kubaki chuoni, elimu ya viungo ikiwa mojawapo. Ripoti kubwa ya taasisi ya Carnegie ya 1929 ilionyesha kwamba malipo na misaada kwa wanamichezo ilikuwa imeenea vyuo vingi, vyenye majina makubwa vikiwemo.

Chicago ilikwenda upande mwingine. Mwaka huo huo wa 1929 ilimpata rais mpya, Robert Maynard Hutchins, kijana wa miaka 30. Mwaka 1931 mpango mpya wa masomo ulianza, wenye mitihani mipana ambayo mwanafunzi hawezi kuikwepa kwa kuchagua kozi nyepesi. Stagg alifikisha miaka 70 mwaka 1932 na sheria ya kustaafu ikamkuta. Hakuna mtu aliyeamka asubuhi akaamua kuiua timu. Ila kila uamuzi mmoja mmoja uliichotea damu, huku ratiba ikibaki ile ile: Michigan, Ohio State, Illinois.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha ukubwa wa tatizo. Mwaka 1935 Chicago ilikuwa na Jay Berwanger, mchezaji wa kwanza kabisa kupewa tuzo inayojulikana leo kama Heisman, na aliyetajwa namba moja mwaka 1936, pale NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli, ilipochagua wachezaji kutoka vyuoni kwa mara ya kwanza. Mchezaji bora wa nchi nzima! Na bado msimu ule timu iliishia kushinda mechi nne na kupoteza nne. Berwanger, kwa taarifa yako, hakucheza mechi hata moja ya kulipwa. Alipohitimu akaingia kwenye biashara.

Sasa kocha, kwa sababu umemwonea, na ningependa umtendee haki. Clark Shaughnessy alimrithi Stagg mwaka 1933 na akabaki hadi 1939. Katika miaka hiyo saba hakuwahi kupata msimu wenye ushindi mwingi kuliko vipigo. Ukiishia hapo, utasema ameishiwa. Usiishie hapo. Chicago ilipofuta timu alikwenda Stanford, ambayo 1939 ilikuwa imeshinda mechi moja tu, ikapoteza saba na kutoka sare moja. Mwaka 1940, kwa sehemu kubwa na wachezaji wale wale aliowakuta, Stanford ilishinda mechi zote kumi, na ya mwisho kati ya hizo ni Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo ya mwaka mpya, Januari 1, 1941, walipoifunga Nebraska 21 kwa 13.

Alifanya nini? Aliwaletea mfumo wa T, ambao alikuwa ameuchambua kwa miaka akiwa Chicago pamoja na George Halas, kocha wa timu ya kulipwa ya Chicago Bears. Timu nyingi za wakati ule zilirusha mpira nyuma moja kwa moja kwa mkimbiaji, na kila mtu uwanjani akajua nani wa kumfuata. Katika mfumo wa T, kiongozi wa mashambulizi anasimama mgongoni kwa yule wa katikati, anapokea mpira mkononi kwa mkono, anawageuzia walinzi kisogo, anaunyoosha kwa mkimbiaji wa kwanza kana kwamba anampa, halafu anampa wa pili au anautupa mbele. Mlinzi anapoteza nusu sekunde akitafuta mpira uko wapi. Nusu sekunde hiyo inamtosha mshambuliaji wa mstari wa mbele kumziba kidogo tu, badala ya kumsukuma kwa mabavu yadi tatu. Ni mfumo wa akili na kasi. Desemba 8, 1940, Bears, wakisaidiwa na Shaughnessy katika maandalizi, waliifunga Washington 73 kwa bila kwenye fainali ya NFL.

Kwa hiyo kocha aliyepigwa 85 kwa bila mwaka 1939 ndiye aliyebadilisha mchezo mzima mwaka uliofuata. Huu ndio ushahidi mzito kuliko wote ulio nao, na kwenye rasimu yako haumo kabisa. Ukiuweka, hoja ya kocha aliyeishiwa inaanguka, na swali linahama kutoka uwanjani kwenda ofisi ya rais.

Tukifika kwenye ofisi hiyo, kuwa mwangalifu na tarehe. Bodi ya wadhamini ilitangaza kufuta futiboli Desemba 21, 1939, miezi miwili baada ya mechi ya Michigan. Ni rahisi kuona aibu ikifanya kazi. Lakini Hutchins alikuwa amekwisha kuishambulia futiboli ya biashara hadharani, kwa jina lake, katika makala ya gazeti la kitaifa ya Desemba 1938, karibu mwaka mzima kabla ya hiyo 85. Msimamo ulitangulia kipigo. Kilichofanywa na kipigo, kwa maoni yangu, ni kuwanyamazisha wahitimu. Wahitimu waliokumbuka 1905 wangempinga rais kwa nguvu zote kama timu ingekuwa inashinda hata nusu ya mechi. Baada ya 300 kwa bila, wangesimama na hoja gani? Andika hivyo: vipigo havikuleta uamuzi, viliuondolea vizuizi. Tofauti hiyo ndiyo mhadhiri wako anayoitafuta.

Angalia pia kitu kimoja ambacho nadharia ya aibu haiwezi kukieleza. Chicago haikutoka Big Ten mwaka ule. Ilifuta futiboli peke yake, ikaendelea na michezo mingine ndani ya ligi hadi 1946. Mtu anayekimbia aibu hakai sebuleni kwa waliomcheka miaka sita mingine.

Njia walizokuwa nazo zilikuwa tatu, na nakuomba uzipime kwa haki bila kumfanya Hutchins mtume wala mharibifu. Wangeweza kufanya kama wengine, kutafuta vipaji na kuvilipia kwa njia moja au nyingine. Hiyo ingeua mpango wao wa masomo au ingewafanya wanafiki. Wangeweza kuacha kabisa, kama walivyofanya, na faida yake ni kwamba ujumbe ulieleweka nchi nzima na vijana hawakupelekwa tena kuumizwa. Hasara yake waliibeba wanafunzi waliopenda kucheza bila kudai senti, ambao hawakuwa na kosa lolote katika ugomvi wa wakubwa. Na ilikuwapo njia ya kati: kuacha kupambana na vigogo na kucheza na akina Oberlin na Wabash.

Mimi naamini bodi ilikosea kutoipa njia hiyo ya kati hata misimu mitatu. Zile 37 kwa 8 zinaonyesha iliwezekana. Wanaomtetea Hutchins husema chuo kilichokuwa bingwa kisingekubali kushuka hadi huko, na kila mwaka shinikizo la kurudi juu lingekuwapo. Hoja hiyo ina nguvu, nami siidharau. Lakini angalia futiboli iliporudi Chicago rasmi mwaka 1969, ilirudi kwa mlango upi: wapinzani wa kiwango chao, bila ufadhili wa masomo kwa sababu ya mpira, na hadi leo inachezwa hivyo kwenye daraja la tatu la vyuo. Njia iliyokataliwa 1939 ndiyo iliyofuatwa miaka 30 baadaye.

Kuhusu bomu sitakaa sana. Ni kweli kwamba Desemba 2, 1942, Enrico Fermi na wenzake walifanikisha mnyororo wa kwanza wa nyuklia unaojiendesha, hatua iliyofungua njia ya bomu, chini ya viti vya magharibi vya Stagg Field, ndani ya kilichokuwa kiwanja cha mchezo wa raketi. Lakini mahali palipokusudiwa kwanza ni msitu wa Argonne nje ya jiji; mgogoro wa wafanyakazi ukachelewesha jengo, ndipo wakatumia nafasi iliyokuwapo chuoni. Mwaka 1939 hakuna aliyefuta timu akiwazia jambo hilo. Kama unataka kulitaja, sentensi moja inatosha. Bomu ni jambo kubwa mno, na likiingia kwenye insha hii litaimeza.

Wiki tatu zinatosha, ila mambo mawili huwezi kuyamaliza ukiwa chumbani kwako. La kwanza, nenda Hyde Park, mtaa wa Chicago kilipo chuo hicho, ukaone nyaraka kwa macho yako. Karatasi za Stagg na za ofisi ya Hutchins zimehifadhiwa kwenye makusanyo maalumu ya maktaba ya Regenstein. Waandikie siku kadhaa kabla, taja masanduku unayoyataka, na ubebe penseli, maana vyumba vya nyaraka kwa kawaida haviruhusu kalamu ya wino. Usiombe kila kitu. Omba barua za ratiba za 1936 hadi 1939, uone nani alikuwa akikubali mechi na vigogo na kwa sababu zipi. Gazeti la wanafunzi, *Daily Maroon*, lisome toleo kwa toleo kuanzia Oktoba hadi Januari, uone vijana wenyewe walisemaje kabla wakubwa hawajawasemea.

La pili, nenda ofisini kwa mhadhiri wako ana kwa ana, tena wiki hii, kabla hujaandika upya hata ukurasa mmoja. Usimtumie ujumbe. Mpelekee karatasi moja yenye yale makundi mawili ya matokeo, tarehe ya makala ya 1938, na rekodi ya Stanford ya 1940, umuulize kama hoja ya ratiba na mipango ya chuo inasimama. Akikuambia ipunguze hadi miaka minne ya mwisho, mkubalie. Ni ushauri ambao hata mimi ningekupa. Na ukiona wasiwasi wa tarehe ya mwisho unakunyima usingizi, mwambie hilo pia mapema. Kuongezewa siku tano kunaombwa kabla ya tarehe kupita, na mwanafunzi mwenye karatasi kama hiyo mkononi mara nyingi husikilizwa.